Nzomo na Boma Lake Tupu

Shemeji yangu Nzomo alikuwa mtu wa ng'ombe hata baada ya ng'ombe kwisha. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma, na sijui kama kimewahi kupoa sawasawa.

Mimi ni Kalunde, mke wa Kiema, ndugu yake mdogo. Tuliishi mji mmoja, ua mmoja, huko Kanyangi, nyumba yangu ikitazamana na ya Mbula, mke wa Nzomo, na boma la ng'ombe likiwa katikati yetu. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona nikiwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, na bado sikuyaelewa.

Nzomo alipokuwa kijana alichukuliwa Kariakoo, kikosi cha wapagazi, kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vyao na Wajerumani. Wengi hawakurudi. Yeye alirudi amekonda, na hakununua suruali wala hakujenga nyumba; alinunua ng'ombe mmoja jike mwenye mabaka, akamwita Madoa. Madoa akazaa, watoto wake wakazaa, na nilipoolewa mimi boma lilikuwa limejaa hata jioni mtu hapiti bila kusukumwa na pembe.

Ng'ombe wakilala mahali pamoja miaka yote hiyo, mavi yao yanajilimbika na kukanyagwa, sakafu ya boma inapanda. Pale kwetu hakuna aliyeyatoa. Nzomo alijivunia unene ule kuliko alivyojivunia watoto. Mgeni akija, kabla hajaonyeshwa kigoda, Nzomo humpeleka kwanza bomani akanyage. "Sikia vile mguu inazama," husema, na mgeni lazima aitikie kwamba kweli, inazama.

Halafu wakaja nzige, na nzige walipoondoka mvua nayo ikakataa kuja. Mto ukabaki mchanga. Ng'ombe wakaanza kulala chini mchana, na ng'ombe akilala chini mchana wa ukame haamki. Tulikula nyama mpaka tukaichukia. Wa mwisho alikuwa mjukuu wa Madoa. Nzomo alimshika kichwa mapajani tangu asubuhi, na alipokufa aliinuka, akajikung'uta, akaenda kufunga mlango wa boma kwa matawi ya miiba kama kila jioni. Ndani hamkuwa na hata mbuzi.

Nikadhani ni huzuni ya siku moja. Wapi! Kila asubuhi alifungua ile miiba, akasimama kwenye nguzo na kuita majina. Madoa. Kijivu. Pembe Moja. Mvivu. Aliita wote, kisha akangoja kidogo, kisha akaenda zake thome, pale uwanjani nje ya mji ambapo wanaume hukaa. Jioni alirudi akafunga. Siku ya kwanza nilicheka nikajificha. Baadaye kicheko kilinikauka.

Nikamwuliza siku moja, "Shemeji, unafungia nani?"

"Ng'ombe inarudi pahali inasikia harufu yake," akasema. "Hii mavi ikikaa, watajua nyumbani ni hapa."

"Warudi kutoka wapi? Si tulikula?"

Akanitazama bila hasira. "Mimi sijui, shemeji. Wewe unajua?"

Nilijua vizuri sana, tena nilikuwa nimekula maini. Lakini alivyoniuliza vile nikajikuta nasita, nikarudi jikoni nimejikasirikia.

Mbula hakuwa na nafasi ya kusita. Shamba lao lilikuwa udongo mwekundu uliochoka. Mvua kidogo ikinyesha, maji yanateleza juu yake na kukimbilia bondeni. Mtama uliota kama nywele za mtu mgonjwa. Watoto walikuwa wanashindia majani ya kunde. Naye alikuwa ameona kitu ambacho sote tulikiona tukakipita: pale palipokuwa na boma la baba mkwe wetu zamani, malenge yaliota yenyewe bila kupandwa na mtu, na ukame haukuyamaliza yote. Basi akamwendea mumewe, akamwomba ruhusa ya kuyatoa mavi ya boma ayapeleke shambani.

Nzomo alisimama palepale, mbele ya mume wangu na jirani yetu Nzuki, akaapa. "Mwenye atatoa mavi hapa, hata kiganja moja, arudi kwao."

Na Nzomo hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Mbula akarudi ndani. Kwao ndugu zake walikuwa na njaa kuliko sisi. Kumrudisha huko na watoto ilikuwa sawa na kumtupa porini. Nilimwonea uchungu, nikamwambia avumilie. Akanijibu kwamba kuvumilia hakuliwi.

Baada ya siku chache nikamwona akipita na kiondo mgongoni, kutoka bomani kwenda shambani. Nzomo alikuwa thome. Kisha nikamwona akirudi, kutoka shambani kwenda bomani, na kiondo kimejaa vilevile. Hapo ndipo akili iliponitoka kabisa.

"Mbula! Unapeleka nini huko?"

"Udongo wa shamba."

"Bomani? Wa nini?"

"Ili boma lisishuke," akasema, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Nikitoa kiondo kimoja cha mavi, narudisha kiondo kimoja cha udongo. Halafu nafunika juu na mavi kidogo. Yeye anaangalia unene, haangalii ndani."

Nilikaa chini. Sikujua kama nimsifu au nimkimbie. Alichokuwa anamwibia mumewe ni mavi, na alichokuwa anamlipa ni shamba.

Mara ya kwanza mambo yalimwendea vibaya. Aliyatia mavi makavu vilevile kwenye mashimo, akapanda juu yake, mvua ikadondoka kidogo ikaacha, na miche yote ikaungua ikawa manjano. Nikamwambia labda ni kile kiapo. Alinikemea. Akahamishia kazi yake nyuma ya mibaazi, penye kivuli: safu ya mavi, safu ya majani yaliyopukutika, majivu ya jikoni, mabua yaliyooza, na juu yake maji machafu ya vyombo, hata yale ya kunawia uso. Sisi tulikuwa tunagombania maji, yeye anamnywesha nani sijui.

Lile lundo likapata homa. Sisemi uongo. Nilitia mkono ndani nikautoa mbio, ndani mlikuwa moto kama paji la uso la mtoto mgonjwa, na asubuhi ya baridi lilitoa moshi. Nikamwomba Mbula aliache, kwamba udongo hauumwi bure. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu, nilimwona. Lakini alilipindua kwa jembe, akalifunika, akangoja. Homa ikashuka. Alipolifungua tena hapakuwa na mavi wala majani wala majivu, palikuwa na kitu cheusi, laini, chenye harufu ya mvua ya kwanza, na nyungunyungu wanajikunja ndani yake. Tangu nzige waje sikuwa nimeona nyungunyungu. Nilifurahi nikaogopa vyote pamoja.

Huku nyuma, Nzomo alikuwa anapotea akiwa amesimama pale pale.

Alinijia asubuhi moja, kofia mkononi. "Shemeji, hii udongo ya boma imekuwa nyekundu, ama ni macho yangu?"

Nikamjibu, "Pengine ni vumbi la upepo."

"Na harufu?"

"Harufu gani?"

"Ndiyo nakuuliza. Nasimama hapo asubuhi, sisikii. Hata wale mende wa mavi wameenda. Nimewaona na macho yangu wakielekea shamba. Wanaenda kufanya nini shamba?"

Nilimwambia mimi si mende. Ni jibu baya, lakini lilikuwa ndilo lililonijia. Akatikisa kichwa, akaenda kwa mganga. Mganga akatikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu, akazikusanya, akazimwaga tena, na mwisho akasema udongo umepanda kutoka chini ili kuwatafuta ng'ombe. Nzomo alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Alikaa kwenye nguzo ya boma ameshika tama, akiitazama ile ardhi kana kwamba ni mtu aliyemjua akasahau jina lake.

Mbula alimwona kutoka mlangoni, akaniambia, "Nitamwambia leo. Acha anirudishe kwetu."

"Na mbegu?"

Mbegu zilikuwa zimebaki za kupanda mara moja tu, na akirudishwa kwao kabla ya mvua, nani angezipanda? Hakumwambia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja, si nyingi. Kwa Nzuki maji yaliteleza yakaenda zake. Kwa Mbula yaliingia chini yakakaa. Mtama ukatoka mnene, kunde zikatambaa, mbaazi zikafunga. Watu walisimama njiani kutazama. Nzomo naye alitazama, asubuhi kabla ya kuita majina na jioni baada ya kufunga miiba.

"Mvua ilinyesha kwa Mbula peke yake?" aliniuliza.

"Mungu anajua," nikasema, na kwa mara ya kwanza nilisema kweli.

Tulipokwisha kuvuna, watoto wakishiba hata wakaanza kugombana tena, njia ya ng'ombe iliyokuwa imefungwa kwa karantini ikafunguliwa. Akapita Bulle, Msomali mfanyabiashara wa kutoka Mwingi, akiwapeleka ng'ombe wake reli, stesheni ya Sultan Hamud. Mmoja wao, mtamba mwekundu ambaye alikuwa bado hajazaa, alikuwa anachechemea, ukwato umepasuka. Ni dhahiri asingefika.

Mbula akaniita pembeni. "Ng'ombe wake wote nimewachimba bomani nikawapeleka shamba," akasema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Wacha nimrudishie huyu mmoja."

Siku hizo mwanamke hakununua ng'ombe mwenyewe. Basi tulimsimamisha mume wangu Kiema mbele, Mbula nyuma yake akimfinya mgongo kila alipotaka kusema neno la kijinga.

"Hii mguu mbaya," Bulle akasema. "Mimi sifichi, wallahi. Kule nyumbani watu wangu hawana nafaka. Nipe mtama na mbaazi, chukua yeye."

Wakakubaliana. Mbula akabakiza chakula cha watoto na mbegu, kilichobaki kikapanda mgongoni mwa punda wa Bulle.

Nzomo alitoka thome akamkuta mtamba amesimama mbele ya boma lake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hakuuliza ametoka wapi wala nani amelipa. Aliivuta ile miiba kwa mikono mitupu, ikamchana, hakujali. "Nilisema!" akatupigia kelele. "Shemeji, sikusema? Inarudi pahali inasikia harufu!" Akasimama kando ya mlango ampishe.

Mtamba akaingiza pua. Akanusa. Akatia mguu mmoja ndani, na ule udongo wa shamba, ambao jua lilikuwa limeuoka miezi yote ukawa kama tofali, ukamwumiza ukwato. Akarudi nyuma.

Nzomo akamsukuma taratibu. "Ingia, mama. Ni kwenu."

Akakataa. Akageuka, akachechemea kupita jiko langu, akapita ghala, akaingia shambani kwa Mbula. Mimi najua alifuata mabua, na ardhi laini ya kupumzisha mguu. Sina la ajabu la kusema hapo. Alitafuna kidogo, akazunguka, akapiga magoti, akalala.

Nzomo alimfuata polepole. Mbula alinishika mkono kwa kucha, nikamwacha. Tulimwona mumewe akiinama karibu na mtamba, akitia vidole ardhini. Viliingia mpaka kiganja. Akainua udongo ule mweusi, akautazama, akautazama tena, akautia puani. Kisha akageuka akatazama boma lake jekundu kule nyuma, akarudisha macho kwenye kiganja.

"Kumbe mko huku," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa anangoja wageni kwenye njia isiyo yao. "Kumbe mlihamia huku, na mimi nawaita kule." Akaanza kuita, taratibu, akiuangalia udongo. Madoa. Kijivu. Pembe Moja. Mvivu. Alipofika kwa mjukuu wa Madoa akashindwa, akalia kwa sauti, mbele yetu wanawake, na mimi nikalia naye nisijue hasa kwa nini, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa la furaha.

Mbula aliachia mkono wangu akamwendea. Hakujitetea. "Ni mimi nilitoa," akasema. "Niende kwetu leo, ama kesho?"

Nzomo alifuta uso kwa mkono ule ule, akabaki na udongo shavuni. Alimtazama mkewe, amekunja uso, kama anayejaribu kukumbuka aliapa nini hasa.

"Uende wapi," akasema, "na boma haijafungwa? Leta miiba."

Mbula hakuelewa mara moja, hata mimi. Nzomo mwenyewe ndiye aliyeanza kuyaburuta matawi kutoka kwenye boma la zamani kuja shambani. Tulimsaidia, Kiema naye akaja, na kabla giza halijaingia tulikuwa tumelizungushia shamba lote. Nzomo akaingiza tawi la mwisho mahali pa mlango, akalikaza kwa mguu, akaenda kula.