Mpini wa Randu

Mkwaju wa Mwau, huko Ramisi, ulikuwa na mashina manne yaliyotoka chini mahali pamoja, kila moja limelalia upande wake kama ndugu waliogombania shamba. Mvua za El Nino zilipokwisha, mwaka wa tisini na nane, mizizi ilibaki wazi na shina la nne likawa limeinamia nyumba ya mawe ambayo Mwau na mkewe Syombua, watu wa kutoka Kitui, waliijenga kwa miaka sita. Kijana mwenye msumeno wa petroli alikuja kutoka Ukunda, akatazama juu, akawaambia wabomoe nyumba kwanza. Ndipo Mwau alipomwendea mzee Chome, kule Mwabungo.

Chome alikuwa amekata miti miaka thelathini kwa msumeno wa watu wawili. Mwenzake alikuwa Randu, Mduruma wa Samburu ya Kwale. Tangu Randu afariki mwaka uliotangulia, mpini wake haukushikwa na mtu. Chome aliletewa wanaume wenye mikono minene, akawakataa wote. Zamani mtu alimtafuta mwenzake wa msumeno kama anayeposa. Sasa watu hutafuta petroli.

Kwa siku tatu aliyaangusha kwa shoka mashina matatu yaliyoelekea shambani, akaondoa matawi mpaka pakawa peupe. La nne alitaka kulilaza hapo peupe, nyumba iwe nyuma yake. Akalichanja mdomo, pengo la kuuelekeza mti, upande wa shamba, akafyeka njia mbili za kukimbilia. Kamba ikafungwa juu; Mwau na majirani wakaishika kwa mbali, ambapo mti usingewafikia. Wanaume wote wakaishia kwenye kamba, hakubaki wa msumeno. Syombua akajifuta mikono kwenye leso, akaushika mpini wa Randu bila kuulizwa.

Chome alikaribia kumfukuza. Kisha akaitazama nyumba.

Mwanzoni mama yule alisukuma, na msumeno ukapinda.

"Msumeno hausukumwi, mama. Vuta, kisha uniachie nami nivute."

"Nikikuachia, mzee, si utakwenda nao Mwabungo?"

Chome hakucheka. Yeye na Randu hawakuzungumza kazini, mikono ilitosha. Lakini taratibu Syombua naye akanyamaza, na msumeno ukaanza kwenda na kurudi kwa pumzi moja. Chome akafumba macho kidogo. Kwa muda huo ilikuwa ni miaka ya nyuma, na upande ule alikuwapo mtu aliyemjua.

Ghafla akahisi mti unaubana msumeno. Kabla hajatamka neno, upande wa pili ulikuwa umekwisha kusimama.

"Umekaza," Syombua alinong'ona.

Chome akagonga kabari mbili kwenye mkato, kwa zamu, mpaka nafasi ikafunguka. Wakakata tena, wakaacha ubavu mwembamba wa kuuongoza mti. Ukalia. Akawapungia wanaume wavute.

"Randu, ondoka!"

Wakarudi nyuma kila mtu kwa njia yake. Shina likaenda shambani, likalala pale pale palipoachwa peupe. Vumbi lilipotua, nyumba ilikuwa imesimama, hata bati moja halikuguswa. Majirani wakaanza kumpongeza Mwau, kana kwamba yeye ndiye aliyekata.

Syombua alimfuata Chome kwenye kisiki.

"Mzee, umeniita Randu."

"Niwie radhi, mama."

"Si neno. Ni nani huyo?"

Chome aliinama kuutoa msumeno, na akachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.