Diski Ndani ya Muchele

Mama Générose, mjane kutoka kijiji cha Mpala, alimpelekea Falone, fundi wa kompyuta pale Kalemie, diski iliyokufa, imefukiwa ndani ya mkebe wa mchele.

"Ilianguka ziwani?"

"Hapana, mutoto wangu. Lakini simu zetu njo tunaziponyesha hivi."

Falone hakucheka. Aliichomeka, akaitegea sikio. Kompyuta haikuiona, lakini ndani ilivuma vizuri, bila kugonga. Labda limekufa ganda tu, lenye kibao cha kuiunganisha na kompyuta? Akaivua, akaivika ganda kuukuu la diski nyingine, akanakili kila kitu upesi.

Akafungua rekodi moja, kwaya ikaanza kuimba. Katikati ya wimbo, sauti nzito ya mwanamume mmoja ikapotea njia.

"Huyu njo bwana yangu," Mama Générose akanong'ona. "Rudisha nyuma, Falone. Pale pale anapokosea."