Siku Niliyokosa Kumsindikiza Mama Kariuki

Enzi zetu pale Subukia, mgeni hakuulizwa amekuja kufanya nini. Alikaribishwa, akapewa kigoda karibu na moto, akamiminiwa chai ya maziwa katika kikombe cha bati, na mazungumzo yakaanzia mbali: mvua, ng'ombe, watoto, mahubiri ya Jumapili. Haja yenyewe ilitoka mwishoni, alipokuwa akisindikizwa. Mama alimtembeza polepole mpaka nje ya ua wa miiba ya kayaba, na hapo, wakiwa wawili peke yao, mgeni angesema, "Halafu kuna kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho kilichokuwa kimemtoa kwake.

Sisi watoto tulidhani kusindikiza ni adabu tu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Uhuru ulikuwa bado mpya, wazazi wetu walikuwa wamepata vipande vya shamba la mzungu, na bonde zima lilikuwa uwanja wetu. Tulienda shule miguu mitupu kwenye umande. Wasichana tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, mpaka tuitwe majina yote mawili, ndipo tukimbie nyumbani kwenye githeri ya mahindi na maharagwe. Mpira ukipotelea kwenye mahindi, tulitafuta wote. Leo wajukuu wangu wanapoteza rimoti wakiwa wameikalia.

Nilikuwa darasa la sita. Jumamosi moja baba alikuwa shambani upande wa mto, na mama alikuwa kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa. Akaja Mama Kariuki, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Nilifurahi mno kumwona, kwa sababu nilikuwa nimechaguliwa kusoma Maandiko mbele ya askofu kesho yake, na nilikuwa sijapata mtu wa kumringia.

"Mama atarudi saa ngapi?" akauliza.

"Jioni. Kunywa chai, mama."

"Na punda wenu, mzima?"

"Mzima kabisa! Amelala tu hapo nyuma."

"Baba hana kazi naye leo?"

"Hana. Sasa ngoja nikusomee vile nitasoma kesho!"

Nikasimama wima, nikasoma fungu lote, kisha nikalirudia kwa sauti ya juu zaidi. Yeye alishika kikombe kwa mikono miwili, akaniangalia mpaka mwisho. "Umesoma vizuri, mwanangu. Mungu akubariki." Akainuka. Nikamuaga mlangoni, nikarudi kwa kitabu changu. Chai yake ilikuwa imebaki nusu.

Kwa bahati mama alirudi mapema. Akaona kikombe.

"Nani alikuwa hapa?"

"Mama Kariuki. Alikuja kusalimia tu. Akauliza punda kama ni mzima."

"Ulimsindikiza mpaka wapi?"

"Mlangoni."

"Wewe msichana! Mtu anauliza punda, anauliza kama ana kazi, na wewe unamsomea?"

Hakuketi. Alimwita baba kwa sauti iliyofika mtoni, wakamfunga punda kwenye mkokoteni wa maziwa, nami nikaamriwa nipande, nifunge mdomo. Kwa Mama Kariuki tulimkuta nyanya wa mtoto akimpepea Kariuki, mwenye miezi minane. Alikuwa na homa tangu jana yake na sasa hakuwa hata akilia. Baba yake alikuwa kazini Nakuru mjini, na zahanati ilikuwa maili saba. Njia nzima mama yake alimshika kifuani, nami nilishika shuka lisipeperuke. Niliomba kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza sikuwa naomba ili nisikiwe na watu.

Tulifika jua likizama. Mhudumu alimpima, akasema, "Mngengoja asubuhi, mngekuwa mmechelewa." Siku ya tatu Kariuki alilia kwa njaa. Namshukuru Mungu kwa kile kilio hadi leo.

Siku hizi mjukuu anaingia na "Sasa cucu, niaje?" na kabla sijasema mguu unaniuma, kidole kiko kwa simu. Mgeni akitaka kuondoka, anaambiwa afunge geti. Nikianza kuwalaumu, namkumbuka yule msichana wa darasa la sita, ambaye hakuwa na simu yoyote. Lakini sisi tulikuwa na ile njia ya kwenda nje ya ua. Hata mtu aliyejijali sana alilazimika kuitembea na mwenzake, na katika huo mwendo akasikia. Wao ni nani atawatembeza?

Nilipokwisha kuolewa, nilimwuliza Mama Kariuki kwa nini siku ile hakuniambia tu kwamba mtoto anaumwa. Alicheka kidogo, akanishika mkono.

"Ulikuwa na furaha nyingi, mwanangu. Nilikuwa nangoja umalize."