Mimba ya Upande wa Baba

Tangu tumbo lianze kuonekana, mama mkwe wangu hakukauka kwangu. Alitoka Lunyo na kapu la viazi, akafika, akanishika tumbo bila hata kuomba ruhusa. "Huyu ni wa kwetu," alikuwa akisema. "Wewe unabeba tu." Nilicheka kwa adabu, lakini rohoni nilichemka. Mimba niliyoililia miaka yote ile, mimi nitapike, halafu mtoto awe wao?

Na kutapika nilitapika kweli. Nilikuwa nauza samaki wa Majanji sokoni Busia, harufu yao ikanishinda kabisa. Tumbo nalo lilikua kupita miezi yake. Wenzangu wakanitania kuwa ni pacha, nami mjinga nikaamini, nikaanza kununua nguo mbili mbili.

Kisha damu ikaanza kunitoka. Mume wangu akanikimbiza hospitali, Tororo. Daktari, mama wa makamo, alipitisha mashine tumboni, halafu akanigeuzia kioo chake. Niliona vijipovu tele, vimeshikana kama mayai ya samaki.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Hakuwepo, dada. Pole sana."

Walipomaliza kunisafisha tumbo, daktari alirudi akakaa kando ya kitanda changu, akanieleza taratibu. Baadhi ya vinasaba huja na alama ya baba au ya mama, na alama hiyo ndiyo huamua kipi kifanye kazi, kipi kinyamaze. Vya baba hushughulikia zaidi kondo la nyuma. Bila vya mama, mtoto hajengeki. Yai langu lilikuwa tupu. Vya mume wangu vikajirudufu, vyangu havikuwemo. Kondo likaota peke yake, likavimba. Akasema si kosa langu, wala si la mume wangu. Nilimsikia vizuri, ila maumivu yalibaki palepale.

Mama mkwe alinikuta nyumbani nimejilaza. Alichoambiwa ni kwamba mimba imetoka, basi. Alikaa mkekani, kisha akauliza kwa sauti ndogo mtoto alifanana na nani.

Nilikuwa na hasira, nikataka na yeye aumie.

"Baba yake, Mama," nikamjibu. "Baba yake mtupu. Changu hakikuwemo hata kidogo."

Akajifunika leso usoni, akamlilia mjukuu wake. Sikumkatiza. Yeye alikuwa na mtu wa kumlilia. Mimi hata huyo sikuwa naye.