Maziwa Mpaka Mguu Upone

Sikuanguka kutoka mbali. Laiti ningeanguka kutoka juu ya paa ningekuwa na la kusimulia. Mimi niliteleza kwenye ubao wa chini wa jukwaa, kimo ambacho mtoto angeruka akicheka, nikaangukia rundo la mawe niliyoyachonga mwenyewe asubuhi ile. Mfupa wa muundi ukavunjika. Nilisikia mlio wake kabla ya maumivu, na jambo la kwanza nililofanya ni kumtukana aliyefunga ubao ule vibaya. Aliyeufunga alikuwa mimi.

Hiyo ilikuwa Garissa, miaka ya tisini. Tulikuwa mafundi wa mawe watano kutoka bara, tukijenga duka la ghorofa karibu na soko. Malipo yetu yalikuwa ya kibarua: siku uliyofanya kazi ulilipwa, siku usiyofanya ulijijua mwenyewe. Hospitalini walinifunga plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole, wakaniambia miezi mitatu. Msimamizi wetu alikuja kunitazama, akaweka noti chache chini ya mto, akasema, "Pole sana fundi. Ukipona tutakuita." Wiki mbili baadaye kazi ilikwisha, wenzangu wakapanda lori wakaenda kujenga Thika. Sijaitwa mpaka leo.

Mtu mwenye akili angerudi kwao. Kwetu ni upande wa Mwingi, barabara hiyo hiyo ya Thika, safari ya siku moja tu ingawa magari yalisindikizwa na askari. Huko nilikuwa na mke, shamba la mtama lisilo na shukrani, na binti aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Lakini nilikuwa nimeondoka kwa maneno. Niliwaambia ndugu zangu mbele ya watu kwamba wataendelea kukwaruza vumbi mpaka wazikwe ndani yake, na kwamba mimi nitarudi na mabati ya nyumba nzima. Kurudi nikibebwa, mguu umenenepa kama gogo, na wao ndio wanishushe kwenye gari? Nilipendelea kulala njaa.

Kwa hiyo nilimwandikia mke wangu kwamba kazi inakwenda vizuri, ghorofa inapanda, ila pesa zitachelewa kidogo kwa sababu mkandarasi bado hajalipwa. Barua zangu zilikuwa fupi. Uongo mrefu huchosha mkono.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Msomali, mjane, mwenye vyumba vinne vya mabati vilivyozunguka ua wa mchanga. Wapangaji wengine walikuwa wafanyabiashara waliotoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mchana kutwa nilibaki mimi na joto. Saa nane bati la Garissa haliguswi; nilikuwa nikijiburura hadi mlangoni, nikikimbiza kivuli kilichokuwa kinanikimbia. Jioni watu walirudi, wakakaa uani wakanywa chai, wakazungumza na kucheka kwa Kisomali, nami nikakaa mlangoni pangu nikitabasamu wanapocheka, bila kujua kama wanachekea hadithi au wananichekea mimi. Walinisalimu kila siku, "Fundi, mguu nasema nini?" Nikijibu, mazungumzo yalikwisha hapo, kwa sababu Kiswahili chao na Kisomali changu havikuweza kwenda mbali zaidi. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilikuwa nasoma kwa sauti maandishi ya kwenye gunia la saruji nililotandika chini, ili nisikie neno.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema. Yangu ilikuwa ya plasta.

Noti za msimamizi zilikwisha. Nikauza redio. Vifaa vyangu, yaani mwiko, timazi na pima maji, sikuvigusa, maana fundi akiuza hivyo amejizika mwenyewe. Nikashuka kutoka milo miwili hadi mmoja, ugali na chumvi, na chai ya rangi ya kudanganya tumbo. Mwalimu mmoja wa bara, tuliyekuwa tukionana kanisani, alikuja mara mbili kunitazama na gazeti la wiki iliyopita. Mara ya pili aliniuliza waziwazi kama nina chakula. Nikamwambia mkandarasi ananilipa nusu mshahara mpaka nipone. Alifurahi sana kwa ajili yangu, akaacha kuja.

Mama mwenye nyumba hakudanganyika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ngamia, na aliona kwamba jiko langu halitoi moshi. Kodi ya mwezi ule hakuidai. Asubuhi moja alikuja akivuta mbuzi jike mweupe mwenye kichwa cheusi, akamfunga kwenye nguzo ya mlango wangu.

"Fundi, wewe nakufa hapa, watu nasema nini juu yangu? Shika mbuzi hii. Kunywa maziwa mbaka mguu nabona."

"Asante sana, mama. Mungu akubariki."

"Wewe najua kukamua?"

Nilisema najua. Nilikaa juu ya karai la zege nililoligeuza, mguu wa plasta nimeunyoosha mbele, nikavuta. Mbuzi alilipiga teke bakuli likaruka. Mama yule alicheka hadi akajishika kiuno, akaniita mwanamume wa mahindi, kisha akachuchumaa akanionyesha jinsi vidole vinavyokaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nianguke.

Baada ya siku chache alisafiri kwenda Hadado, upande wa Wajir, kwa binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Nikabaki na mbuzi. Nilikamua asubuhi na jioni, nikachanganya maziwa na chai, na nguvu zikaanza kurudi. Lakini zaidi ya maziwa, nilipata wa kuongea naye. Nilimsemesha kwa lugha ya mama yangu, kwa sababu hapakuwa na mwingine uani pale wa kumsemesha hivyo. Nilimweleza habari za ndugu zangu. Alitafuna maganda akinitazama, na sikuona kama ananilaumu.

Kisha ikaja barua ya mke wangu. Binti yetu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na muhula ulikuwa unakwenda. "Kwa kuwa kazi ni nzuri," aliandika, "tuma hata kidogo." Niliisoma barua ile mara nyingi, na kila nilipofika kwenye maneno "kazi ni nzuri" nilitamani kuichana. Nilitazama chumba chote. Kitu pekee cha thamani, ukiacha vifaa vyangu, kilikuwa kimefungwa mlangoni.

Nataka nieleweke. Sikujiona naiba. Kwetu mgonjwa akiletewa mbuzi, huyo mbuzi ni wake: amchinje anywe supu, amfuge, amuuze anunue dawa, hakuna anayerudi kumuuliza. Nilikuwa nimeshukuru, nimembariki aliyetoa, mambo yamekwisha. Nikamvuta hadi soko la mifugo kwa magongo mawili, safari ya nusu saa tuliyoitembea saa mbili, kila mmoja akimwangusha mwenzake.

Dalali wa kwanza kuniona, mzee wa Kisomali, hakuuliza bei. Alimshika mbuzi sikio la kushoto, ambalo lilikuwa na mikato miwili ya alama. Akanitazama, akatazama plasta.

"Hii nani nakuba?"

"Mama mwenye nyumba yangu. Amenipa."

"Nakuba ya maziwa?"

"Ndiyo, ya maziwa."

Akaliachia sikio. "Hii habana. Hii iko na mwenyewe."

Nikadhani anavunja bei. Nimewahi kununua na kuuza, nazijua hila za madalali: kwanza hukuonyesha kwamba mali yako ina kasoro. Nikamwonyesha mgongo wangu, nikaenda kwa mfanyabiashara wa bara aliyekuwa akipakia lori la kwenda Nairobi. Huyo hakutazama masikio. Alipapasa kiuno, akalipa, na mbuzi wangu akasukumwa juu pamoja na wengine. Aligeuka akalia mara moja. Nikaenda posta nikatuma mani oda, nikamwandikia mke wangu kwamba mkandarasi amelipa. Uani pale pakawa kimya tena, na kimya cha safari hii kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

Mama mwenye nyumba alirudi mwezi uliofuata. Alikuja na binti yake na kichanga cha wiki tatu. Yule binti alikuwa amedhoofika, na mtoto alikuwa akilia kilio chembamba cha kutoshiba. Mama hakuingia hata ndani. Alisimama mbele ya nguzo yangu.

"Mbuzi wabi?"

Nikamwambia. Nilisema kwa ushujaa kabisa, kama mtu anayeeleza mpango mzuri: karo, binti, posta. Nilipomaliza aliniuliza tena, polepole, kana kwamba hakusikia, "Mbuzi wabi?" Na hapo ndipo nilipoelewa, kutokana na uso wake, kwamba mnyama yule hakuwahi kuwa wangu. Watu wale humkopesha mwenye shida mnyama anayekamuliwa. Maziwa ni yako, mnyama ni wa mwenyewe, na shida ikipungua unamrudisha. Kila mtu Garissa alijua hivyo, kuanzia dalali hadi mtoto wa kuchunga. Mwenyewe aliniambia mpaka lini, nami nilichukua maneno yale kama dua tu.

Hakunitukana. Aliingia ndani kwa binti yake akafunga mlango, na afadhali angenitukana.

Kesho yake akaja kaka yake na wanaume wengine wawili. Walitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, wakaniketisha mbele yao, wakanipa chai. Niliona aibu kuinywa na nikaona aibu kuiacha. Kaka yake ndiye aliyesema.

"Fundi, sisi hatabiga kelele. Kwetu mtu nakosea, watu yake nakuja, nalipa, maneno nakwisha. Watu yako wabi?"

"Sina mtu hapa."

"Hata huko Kenya?" Wakisema Kenya walimaanisha kwetu, ng'ambo ya mto Tana.

"Nitalipa mwenyewe mguu ukipona."

Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mjinga. "Walaal, ndugu yangu, sikia. Mtu iko na watu, huyo nakosea tu. Mtu hana watu, huyo ni mwizi. Wewe ni gani?"

Nilimfikiria mwalimu, ambaye alijua kwamba nalipwa nusu mshahara. Niliwafikiria ndugu zangu na vumbi lao. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha yangu kwa kila mtu aliyeweza kunisaidia, mmoja baada ya mwingine, kwa bidii kubwa. Wakanipa Ijumaa mbili. Kutoka chumba cha pili kichanga kilikuwa kinalia.

Niliandika barua ndefu siku ile. Niliandika nimevunjika lini, nimekula nini, nimeuza nini cha nani. Nikamkabidhi kondakta wa basi la Mwingi, kisha nikasubiri, na sijawahi kusubiri kwa hofu namna ile. Ijumaa ya kwanza ikapita.

Siku mbili kabla ya ya pili, mlango wa ua ulifunguliwa akaingia mke wangu, mwekundu wa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni, akivuta mbuzi. Alikuwa amempata kwa ndugu zangu, wale wale, na kumsafirisha kwa basi kuja Garissa, mji ambao mbuzi ni wengi kuliko watu. Abiria walikuwa wamemcheka njia nzima. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba, akampa kamba mkononi, akasema, "Mama, samahani kwa ajili ya mume wangu."

Mama yule alichuchumaa, akapima kiwele, akakamua kidogo kwenye kiganja chake akaonja.

"Mbuzi yenu ndogo," alisema. "Lakini iko maziwa." Kisha akamshika mke wangu mkono akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, na akamwita binti yake alete chai. Alipofika kaka yake jioni alisema neno moja tu, "Bas," akanipa mkono.

Nilidhani mambo yamekwisha. Tulipoingia chumbani, mke wangu alisimama akatazama gunia la saruji, sufuria moja, mguu. Nilianza kumweleza habari za ghorofa, kwamba hata hivyo ilikwisha vizuri. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Barua zako nilikuwa nawasomea majirani," alisema.

Nikainama. Alikaa kitandani mbali nami, akaanza kukung'uta vumbi kwenye leso yake, akakung'uta kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kuinua sauti:

"Na ungekufa hapa, mimi ningeambiwa na nani?"

Katika ua ule, katika mji ule wote, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua jina la kijiji changu wala la mke wangu. Hakuna aliyenikataza kuwaambia.