Stika Iliyogoma Kubanduka

Acheni nijichongee mwenyewe kabla Mwalimu Mwanaidi hajaniwahi. Nilitamba shuleni kwetu Unyambwa kuhusu kifaa changu kipya cha kielektroniki cha kusomea vitabu. Duka la ng'ambo liligoma kukituma Tanzania, na kikiharibika huku hawakitengenezi. Shemeji ndiye aliyekuja nacho kutoka huko. Nilikifungua ofisini, walimu wamenizunguka, roho juu. Kwenye kioo palikuwa na picha ya waya na betri, haina mwanga wowote, kama imechapwa kwenye karatasi.

"Hii ni stika, kama ya simu mpya," nikasema kitaalamu. Kucha ikashindwa kuibandua. Nikachukua wembe wa kuchongea penseli, nikaanza kukwangua.

"Mwalimu, hiyo picha si inaomba chaji?" Mwanaidi akauliza.

"Tulia, dada, haya mambo nayajua."

Akachomeka chaji yake. Stika yangu ikapotea yenyewe, yakatokea maandishi ya kunikaribisha, yote yamepigwa mikwaruzo.

Wembe ulikuwa bado mkononi.