Speciose na Mashini ya Nzigire

Kwa miaka mingi, katika maabara moja ya Rusizi, aliyetaka kujua kama seli changa zinazozaa damu zimekua alimsubiri Speciose. Alizipanda kwenye visahani kama mama yake wa Gashonga apandavyo maharage, akangoja wiki mbili, kisha akainamia hadubini na kuhesabu vishada vilivyochipuka, vyekundu mbali, vyeupe mbali.

Ndipo akaja binti Nzigire kutoka Bukavu, na mashini inayopima mwanga ambao seli hai hutoa zikitiwa dawa, na kutoa jibu kwa wiki moja. Speciose alimwonea gere mpaka sauti ya viatu vyake ikamkera. Daktari mkuu wa maabara alipoagiza njia hizo mbili zilinganishwe, aliomba kimoyomoyo mashini iumbuke.

Majibu yakafanana. Daktari akamsifu Nzigire mbele ya wote.

“Hapana, Docteur,” Nzigire akasema kwa upole. “Mashini peke yake haijue kitu. Niliifundisha na hesabu za zamani za Maman Speciose.”

Wote wakampigia Speciose makofi. Akatabasamu, roho ikimuuma kuliko jana: msichana huyu sasa amemnyang'anya hata sababu ya kumchukia.